Sura ya Tisa: Mborode wa Ijumaa

Usigeuze uso. Ulipokuwa unasoma habari za macho ya Katana na za leso yangu iliyolowa ulikuwa umekaa sawasawa, hata chai ikapoa. Sasa tumefika Ijumaa ile, na ushaanza kupekua uone kurasa zimebaki ngapi. Ndivyo walivyofanya wote. Mwaka wa arubaini na sita nyumba ya baba yangu hapa Junda ilijaa watu mpaka viatu vikapangwa njiani, na katika watu wale hakuna aliyenitazama. Walitazama mikeka. Walitazama kucha zao. Nakujua wewe ungekaa wapi: karibu na mlango, upate kuyawahi masinia.

Basi kaa. Nianze asubuhi.

Ilikuwa maji ya bamvua, na kufika saa nne bahari ilikuwa imekupwa mpaka fungu lote la mchanga liko nje. Nilishuka na kikapu na kisu cha chaza, kama anavyoshuka mwanamke yeyote wa Junda, na hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nilipita kwenye mikoko, nikatokea upande wa pili. Katana alikuwa pale pale nilipojua yupo, amesimama maji ya muundi, suruali ya kaki ameikunja, mwanzi wake ameulaza begani. Hakugeuka.

"Buruta miguu," akasema. "Usiinue."

"Naburuta."

"Unakanyaga kama mtu anayetwanga."

"Na wewe wanisikia kwa mgongo?"

"Samaki ndiye anayekusikia. Mimi namwona yeye anavyokimbia."

Ndivyo tulivyojuana, miezi minane nyuma. Nilikuja fungu hili nikiimba, nikirusha maji kwa miguu, na mwanamume nisiyemjua akaniambia kwa upole wa mtu aliyechoka, "Dada, samaki wangu sasa hivi yuko Jomvu Kuu kwa ajili ya miguu yako." Nikamjibu, "Kama ni wako, mwite kwa jina arudi." Alicheka mpaka akaketi majini. Tangu siku ile nilijifunza kutembea bila sauti, na nikajifunza mambo mengine ambayo shangazi yangu Mwanasaumu, aliyenilea baada ya mama kufa, hakunifundisha.

Kama hujui mborode, nitakwambia. Ni samaki mweupe kama sahani mpya, pua imetangulia mbele ya mdomo. Maji yakianza kujaa huja juu ya fungu mmoja mmoja au watatu watatu, huinamisha kichwa kuchimbua kaa na kamba wadogo, na mkia hubaki nje ukimeta. Humwoni yeye, waona mkia tu. Na kivuli cha kunguru kikipita juu yake, amekwenda. Utabaki kuutazama mchanga. Baba yangu, Ghalib, aliwavua kwa uzio wa fito, kama alivyofanya baba yake. Wengine waliwavua kwa nyavu. Kwa ndoana, hapana. Watu walijaribu zamani wakaacha, na wakakubaliana kwamba haiwezekani, kwa kuwa wao hawakuweza.

Katana aliona ikiwezekana. Wakati wa vita alikuwa akimchukulia kapu bwana mmoja wa manowari aliyekuwa akivua kwenye mafungu ya Likoni kwa chambo cha manyoya, kitu kisicho na uzito wa unyoya wenyewe, kinachorushwa kwa uzito wa mshipi. Vita vilipokwisha yule bwana alirudi kwao na vyombo vyake vyote. Hakumwachia Katana hata kipande cha uzi. Lakini Katana alikuwa ametazama miaka mitatu, na kutazama hakuna aliyemnyang'anya.

Akajitengenezea mwenyewe. Mwanzi aliuanika juu ya moshi wa jiko miezi mitatu mpaka ukawa mwepesi na wenye kurudi. Mshipi aliusokota kwa nyuzi za hariri, akaupaka nta ya nyuki uelee. Mwisho wake akafunga singa za mkia wa punda, zilizosokotwa nne nne, maana hazionekani majini. Na vyambo tulivifunga wawili, mimi na yeye, tumekaa nyuma ya mikoko: ndoana ndogo ya dukani, manyoya ya shingo ya kuku wangu mweupe, shanga mbili za bangili yangu ziwe macho ya kamba, na uzi mwekundu wa kukazia kiuno. Uzi ule niliuchomoa kwenye matamvua ya kikoi cha baba, kile cha kuendea msikitini. Niliuchomoa mmoja mmoja, asijue.

Kwa nini baba? Kwa sababu yeye ndiye aliyemtaka yule samaki.

Wiki nne kabla ya Ijumaa ile Katana alipeleka mshenga. Alikuwa kibarua wa reli Changamwe, hana deni la mtu, hana ulevi. Alikuwa amesilimu tangu mwaka uliotangulia, kabla hata hajanijua, na kila Ijumaa alisali safu moja na baba yangu, bega kwa bega. Lakini safuni hakuna anayekuuliza babu wa babu yako kazikwa wapi. Barazani wanakuuliza. Baba alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akatia kahawa, akasema watu wakisikia:

"Huyu Katana wa Lewa, Mgiriama, ndiye anataka binti yangu?"

"Ndiye, Mzee Ghalib. Kijana ana adabu."

"Nasikia anashinda funguni na fimbo, anawapiga samaki viboko."

Watu wakacheka.

"Mwambie hivi," akasema baba. "Siku atakayoniletea mborode wa ndoana, si wa wavu, si wa uzio, mpaka mlangoni kwangu, siku hiyo nitaketi naye nimsikilize. Na nyinyi nyote mashahidi."

Mzee mmoja alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Sikucheka, wala sikulia. Nilimjua Katana, na nilijua kwamba baba amesema neno mbele ya watu, na baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma ya neno lake mbele ya watu. Hilo ndilo tulilolishika. Wiki nne alimkosa. Mara mbili alimnasa, singa zikakatika.

Sasa Ijumaa. Niliweka kikapu juu ya jiwe, nikamsogelea.

"Nyumbani wanachambua mchele tangu alfajiri," nikamwambia. "Shangazi asema ni hitima ya mama."

"Hitima?"

"Ndivyo asemavyo. Lakini chumbani kwangu wametundika pazia jipya."

Akaushusha mwanzi. Ndipo aliponitazama. Katana hakuwa na macho ya kubembeleza. Alikutazama kama anavyotazama maji, akitafuta kilichoko chini.

"Watu wa wapi wanakuja?"

"Wa Jomvu Kuu."

"Na Bakari?"

Bakari alikuwa binamu yangu, mtoto wa ami yangu mkubwa, mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye minazi na kikohozi.

"Na Bakari," nikasema.

Maji yalikuwa yameanza kuingia, yanatambaa juu ya mchanga kama yanapapasa.

"Wakikuuliza, kwenu huulizwa mara ngapi?"

"Mara tatu. Khatibu huja nyuma ya pazia na mashahidi wawili. Huuliza, hurudi barazani, huja tena."

"Ukisema sitaki mara ya kwanza?"

"Baba ataaibika mbele ya watu wote."

"Na akiaibika, atamtazama samaki wangu?"

"Hatamtazama hata ukimletea nyangumi."

"Basi usirushe mapema, Tima. Ukirusha mapema anakimbia, na harudi tena siku ile. Nipe mpaka mara ya tatu. Wakitoka msikitini mimi nitakuwa mlangoni, na samaki mkononi, na mashahidi wale wale wapo. Neno la baba yako lenyewe ndilo litakalokukatalia Bakari. Wewe usilazimike kusema chochote."

"Kwetu mwanamwali akinyamaza amekubali. Unajua hilo?"

"Si mpaka mara ya tatu ipite?"

"Mpaka mara ya tatu ipite," nikasema, kwa sababu na mimi niliamini hivyo.

"Na nisipokuja kabla ya tatu, fungua mdomo wako, useme."

"Nitasema."

"Sema kwa nguvu. Nikusikie nikiwa hapa."

Alinishika kidole kimoja, cha shahada, akakibana, akakiachia. Hatukuwa watu wa kukumbatiana funguni mchana. Lakini kidole kile nakijua mpaka leo.

Kisha akakaza shingo. Nikafuata macho yake. Hatua kumi na tano mbele yetu mkia ulikuwa umetoka majini, unatikisika taratibu, unametameta kama mtu anayegeuza kisu juani. Katana aliinama. Mwanzi ukaenda nyuma, ukaja mbele, mshipi ukajikunjua hewani bila sauti, na chambo chetu kikatua mbali kidogo na mkia, kama mdudu aliyechoka. Akakivuta. Kidogo. Akakiacha. Mkia ukazama. Niliona mkunjo wa maji ukikifuata chambo, unakikaribia, nikazuia pumzi.

"Tima! Ewe Tima!"

Sauti ya shangazi, kutoka juu ya mteremko.

"Abee, shangazi," nikajibu, nikasimama wima.

Sikufikiri. Umeitwa na mkubwa wako, unaitika. Nilifundishwa kabla sijajua kutembea. Kivuli changu kiliangukia maji, sauti yangu ikaangukia maji, na yule mborode akaondoka akiacha vumbi la mchanga majini mahali alipokuwa.

Katana alikusanya mshipi wake polepole.

"Adabu yenu itaniua," akasema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Nenda. Watakuja wengine. Maji bado yanajaa."

Nilikwenda. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa mdogo, amenipa mgongo, ameinama.

Waliniogesha. Wakanifukiza udi. Hitima haina udi wa namna ile, na shangazi Mwanasaumu alipoona nimeelewa, hakuhangaika kudanganya tena.

"Bakari ni damu yako," akasema akinichana. "Atakustahi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekwambia ungelia, macho yakavimba. Sasa je, si umependeza?"

"Shangazi, mimi sina moyo naye."

"Moyo huja baadaye, mwanangu. Mimi wangu ulikuja mwaka wa saba."

"Na kabla ya huo?"

Chanuo likasimama kichwani mwangu. Kisha likaendelea. "Kabla ya huo nilikuwa na kazi nyingi," akasema.

Watu walipotoka msikitini nyumba ilijaa. Wanawake walinizunguka juu ya kitanda, wananukia asumini na jasho. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia vikombe barazani. Nilisikia Bakari akikohoa. Nilikuwa nangoja hodi moja tu.

Khatibu alikuja nyuma ya pazia. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyekwisha kula.

"Tima binti Ghalib. Baba yako ataka kukuoza kwa ndugu yako Bakari. Umeridhia?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeiweka "sitaki" yangu chini ya ulimi kama mtu anavyoficha dawa chungu asiimeze. Moja.

Nyayo zao zikarudi barazani. Mara nikasikia mtu anazungumza nyuma ya nyumba, upande wa uani, sauti ya kiume, maneno hayasikiki. Nikatega sikio. Shangazi aliinuka upesi akatoka. Alikawia. Aliporudi alikaa karibu yangu kuliko mwanzo, akaweka mkono begani kwangu, na kiganja chake kilinuka samaki mbichi. Nikafikiri, ametoka jikoni. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu niliyefundishwa kuona kivuli cha samaki chini ya maji, sikuona kilichokuwa juu ya bega langu.

"Tima binti Ghalib," khatibu akasema kwa mara ya pili. "Umemridhia Bakari?"

Nikanyamaza. Mbili. Nikavuta pumzi, kwa sababu hodi haikuwa imepigwa na sasa nilijua itanipasa niseme. Niliipanga sauti. Kwa nguvu, alisema, mpaka funguni.

Na shangazi yangu Mwanasaumu akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele.

"Bado mara ya tatu," nikasema.

Wanawake wote wakampokea. Chumba kikawa kelele moja.

"Shangazi, bado mara ya tatu. Mimi sitaki. Sikukubali."

Nilisema kwa nguvu. Mwanamke aliyekuwa miguuni kwangu alinisikia, namjua, na watoto wake nawajua. Alikitazama kikuku changu, akakigeuza geuza, akasema, "Maashallah, hiki nani alikichonga?" Nilijaribu kusimama na mkono wa begani ukanilaza. Khatibu alivichukua vigelegele kuwa ndiyo yangu, akarudi barazani, na kule nikasikia fatiha ya kufunga nikaha.

Hapo ndipo ulipokuwapo wewe. Usiniambie hukusikia.

Chakula kilikuja. Katika jiko letu alikuwapo Mbeyu, mama wa Kigiriama aliyekuwa akija kupika siku za shughuli, mtu wa maneno machache. Si kazi yake kuingia chumba cha bibi arusi. Aliingia. Alipita katikati ya wanawake na mikono yake ya masizi, akaniwekea sahani mapajani. Juu ya wali palikuwa na kichwa cha samaki wa kupaka, nazi imekauka juu yake.

"Mbeyu, wee," shangazi akasema, "bibi arusi hapewi kichwa."

"Hiki ni chake," Mbeyu akasema. Akanitazama. "Kula, mwanangu. Kula polepole. Angalia mdomoni."

Akatoka.

Pua ilikuwa imetangulia mbele ya mdomo. Niliifuta ile nazi kwa kidole. Pembeni mwa mdomo palikuwa na ndoana. Manyoya ya kuku wangu yalikuwa yameungua, lakini shanga moja ilibaki, na kiunoni mwa ndoana uzi mwekundu ulikuwa pale pale, umekazwa mizunguko saba, kama nilivyoukaza mwenyewe.

Alikuja. Alimpata, akamleta na ndoana mdomoni, hakuitoa, iwe ushahidi kwamba si wa uzio wala si wa wavu. Na wao wakampika.

Sikumbuki nilivyopita. Nakumbuka sahani ikivunjika, na ndoana nimeichomoa, iko kiganjani mwangu. Nilivuka ua kichwa wazi, na nje ya mlango wake Katana alikuwa ameketi juu ya kigoda kando ya tanuri la mikate, mwanzi wake umeegemea ukuta, na magotini ana sahani ya pilau. Juu ya pilau palikuwa na kipande cha samaki cheupe. Walimpa chakula. Nyumba yetu haimnyimi mtu chakula siku ya shughuli.

"Nilikwenda mbele," akasema kabla sijamuuliza. "Mlango umejaa watu. Wakanielekeza nyuma, shangazi yako akatoka, akaniambia uani pana wanawake, simama hapa, nipe samaki nimpelekee kaka yangu." Akaitazama sahani. "Ningefanya nini? Ningempita mtu mzima, niingie kwenye ua wa watu?"

"Ulimpa."

"Kwa mikono miwili. Akanishukuru."

"Katana."

"Kisha nikasikia vigelegele." Alizungumza pole pole, kama anayenisaidia kukumbuka. "Ulisema nini, Tima?"

"Mara mbili sikusema kitu."

"Hukusema kitu."

"Uliniambia mpaka mara ya tatu. Hawakuniuliza mara ya tatu. Nilisema, wallahi nilisema, lakini kelele—"

"Nilikuwa hapa. Hatua ishirini. Nilitega sikio mpaka likaniuma."

"Na mimi nilitega sikio nisikie hodi yako."

Tukatazamana. Hapakuwa na wa kumlaumu kati yetu, na tulitafuta sana, mimi kwake na yeye kwangu, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa na mchanga mpaka magotini. Kiganja chake kilikuwa kimekatwa na mshipi, mstari mwekundu kutoka kidole mpaka kifundo. Nilitaka kuushika mkono ule. Saa moja kabla ningeushika. Sasa nilikuwa mke wa mtu.

"Alikimbia sana?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

Kidogo uso wake ukafunguka. "Mara tatu," akasema. "Alimaliza mshipi wote, nikamfuata mbio mpaka maji ya kifua. Nilidhani singa zitakatika. Nikamwambia, we bwana, leo hukimbii, leo unaposwa nawe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na kicheko kile kikageuka katikati ya njia.

Baba akatokea uani. Alisikia sahani, au alisikia kicheko. Nyuma yake shangazi, na nyuma ya shangazi nyuso mlangoni.

"Tima. Ingia ndani."

"Baba, ulisema mborode wa ndoana. Mbele ya mashahidi."

"Nilisema maneno mengi barazani."

"Amemleta. Mumemla."

"Sikuletewa samaki yeyote."

Katana aliweka sahani chini, akasimama. "Shikamoo, Mzee Ghalib. Nilimkabidhi dada yako."

Baba akamgeukia shangazi. Shangazi alikuwa anaikunja leso yake, anaikunjua. "Samaki wa leo walikuwa wengi, kaka," akasema. "Nani angewatenga?"

Nikafungua kiganja changu mbele ya macho ya baba. Baba yangu alikuwa mvuvi tangu anazaliwa. Hakuwa na haja ya kuelezwa ndoana. Aliinama akaitazama, na nikaona inavyomfikia: kwanza ndoana, kisha uzi. Aliutazama uzi mwekundu. Mkono wake ukashuka wenyewe kwenye matamvua ya kikoi chake, ukapapasa pale palipopwaya. Alijua. Kwa muda wa pumzi mbili baba yangu alikuwa na kila kitu mkononi: mimi, Katana, neno lake, na mashahidi wako barazani hawajanawa mikono. Angeweza kutoka na kusema, "Binti yangu hakuulizwa mara ya tatu." Maneno sita.

Akaondoa mkono kwenye kikoi. Akatazama tanuri.

"Samaki huyu ana miiba mingi," akasema. "Ingia ndani, mwanangu. Mumeo anangoja."

Katana aliuchukua mwanzi wake. Sikumwona akiuvunja, kama wengine walivyokuja kusimulia. Aliuchukua vizuri, akakunja mshipi usiburute, akawaaga kwa heshima, mmoja mmoja, hata shangazi. Mimi hakuniaga. Alipita nyuma ya mikoko, na miguu yake haikutoa sauti.

Kabla ya alasiri kwisha nilivushwa Jomvu Kuu. Ndoana ile niliificha kwenye nywele, na mwaka wa saba ulikuja ukapita, na wa kumi na saba, na moyo haukuja.

Sasa wewe. Humo ndani mwako, wiki hii, kuna pazia jipya. Kuna mchele unachambuliwa, na yuko binti ameambiwa ni hitima, au ni wageni, au ni jambo dogo la wakubwa. Umempita asubuhi amenyamaza, ukasema ana haya. Mbeyu hakuwa na ruhusa ya kuingia chumba kile, hakuwa na undugu na mtu, alikuwa na kichwa cha samaki tu, na alikitumia. Wewe una mdomo.

Kifunge kitabu. Usingoje mwisho wa sura, huu ndio mwisho wake. Inuka uende chumbani, uwatoe watu, umtoe shangazi kwanza. Kaa chini, usawa wake, umuulize. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Akinyamaza usipige kelele wala usiruhusu mwingine apige. Ngoja. Umuulize mara ya tatu, na ungoje mpaka usikie sauti yake mwenyewe ikitoka. Pilau itapoa. Iache ipoe. Nenda.